Neno Lisilo na Kumbukumbu Namba

Mhazini alikuwa anasoma majina: nani kaahidi, nani kalipa, nani bado. Kilikuwa kikao cha tatu cha harusi ya binti wa kaka yangu, ukumbi mdogo nyuma ya baa moja hapa Moshi, Jumapili jioni, soda zimeshagawiwa. Shemeji yangu mmoja akasogeza kiti mpaka mabega yetu yakagusana. Akaniuliza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa bado kwa mhazini:

"Shemeji, yule mzee wako wa Arusha bado anakusikia?"

Nikamwambia ananisikia.

"Kuna kijana wetu ana jambo lake la kiwanja. Makaratasi yote yapo. Linataka tu mtu wa kulisemea."

"Nitumie maelezo," nikasema. "Nitamwambia."

Mhazini alikuwa hajafika hata jina la pili.

Ni wiki ya saba leo tangu jioni ile. Shemeji kuomba sikushangaa, ndugu huombana. Ninachokiwaza usiku ni jinsi nilivyojibu bila hata kuuliza kiwanja chenyewe kiko wapi.

Miaka 11 nje ya mlango

Wanaonifahamu wanajua nilikuwa katibu muhtasari katika ofisi moja ya umma Arusha kabla sijarudi Moshi kufungua kibanda changu cha kuchapa na kutoa nakala. Miaka 11 nilikaa kwenye meza iliyo nje ya mlango wa mkubwa, na juu ya meza ile kulikuwa na kitabu cha wageni. Tarehe, jina, anakotoka, shida, sahihi.

Waliosaini nawakumbuka. Mjane aliyefuatilia mirathi ya mumewe. Walimu wastaafu waliokuwa wakihangaikia mafao. Mwenyekiti wa kijiji aliyetoka Longido alfajiri na kufika na vumbi kwenye kope. Kwenye safu ya "shida" wengine waliandika mistari mitatu hadi maneno yakapanda ukingoni, kana kwamba kitabu ndicho kitakachowasikiliza.

Wengine hawakusaini. Hao walipiga simu wakiwa bado kwenye maegesho, na mimi nikaambiwa, "Mgeni wangu anapanda, mpitishe." Walikuwa na adabu, waliniuliza habari za watoto. Walikaa ndani dakika kumi au kumi na tano, wakatoka. Muda mfupi baadaye kengele ya mezani ililia: niletee faili la fulani.

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari za ushawishi hudhani ni bahasha za kaki. Bahasha zipo, sikatai. Lakini mengi niliyoyaona hayakuwa na bahasha. Mtu alisema tu, "Mheshimiwa, lile la kijana wetu mliangalie." Faili lililolala miezi mitatu lilipanda juu ya meza. Aliyelishughulikia alifuata taratibu zote, na sahihi zilikuwa halali. Ukija kukagua hutakuta kosa hata moja ndani yake.

Kosa liko kwenye faili la jirani yake, ambalo halikupanda. Na hilo hakuna anayekuja kulikagua.

Kimemo

Nilipoanza kazi bado kulikuwa na vimemo. Karatasi ndogo, mara nyingi imechanwa kwenye shajara: "Mpokee huyu, ni kijana wetu," na sahihi ambayo kila mtu anaijua. Siku moja kimemo cha namna hiyo kilifika kwangu kikiwa kimekunjwa mara mbili. Nilikuwa mgeni, na chuoni tulifundishwa kwamba kila karatasi inayoingia ofisini hupewa namba. Nikakitoboa, nikakifunga kwenye faili la mwombaji, nikaandika folio, yaani namba yake, juu yake na kwenye jalada la faili kwa kalamu nyekundu.

Bosi aliniita jioni. Hakufoka. Alikichomoa mwenyewe, taratibu, akakitia mfukoni mwa shati.

"Hii si ya humu, binti."

Nilirudi mezani nikafuta namba ile jaladani kwa wino mweupe. Nimeyakumbuka hayo mara nyingi wiki hizi. Tangu siku ile nilijua kwamba serikali ina faili mbili, na moja haifungwi kwa kamba.

Siku hizi kimemo ni simu, au sauti ya sekunde ishirini inayosikilizwa kisha inafutwa.

Vocha

Nilimtumia mzee ujumbe siku ya tatu baada ya kikao. Ni mstaafu sasa, lakini simu yake bado inapokelewa. Nilisalimia, nikaeleza kwamba kuna kijana wa nyumbani anaomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, nikaandika namba ya kiwanja na mtaa, nikaomba amsemee panapohusika. Alijibu usiku uleule: "Nimekuelewa mwanangu. Nitalisema."

Kesho yake simu ililia. Shilingi 50,000 kutoka kwa shemeji. Chini yake neno moja: "Vocha."

Sikuirudisha siku hiyo, na sitasema niliirudisha. Nilinunua rimu za karatasi.

Siku kumi na mbili baadaye waliingia kibandani kwangu akina mama wawili na babu mmoja mwenye fimbo. Walikuwa na kurasa za daftari la shule zilizojaa majina na sahihi. Wengine walikuwa wameweka dole gumba. Walitaka barua ichapwe vizuri, kwa herufi kubwa kidogo, kwa sababu babu ndiye angeisoma kwanza kabla haijapelekwa.

Nikaanza kama ninavyoanza kila siku. Anuani, tarehe, kwa anayehusika. Kisha mama mmoja akanisomea kichwa cha habari, mimi nikichapa: YAH: PINGAMIZI LA KUBADILISHA MATUMIZI YA KIWANJA NAMBA...

Vidole vyangu viliijua namba kabla hajamaliza kuitaja.

Nikamwomba arudie, akarudia. Ilikuwa ileile.

Kituo cha mafuta. Hilo shemeji hakuwa amelisema, na mimi sikuwa nimeuliza. Ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, hatua chache kutoka kwenye njia ambayo watoto huipita kwenda shule, na jirani na mama lishe wanaowasha majiko ya mkaa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kuna kisima kifupi ambacho mtaa mzima hukikimbilia bomba likikauka. Tangazo la kusudio lilikuwa limewekwa kama inavyotakiwa, wakaliona wakiwa wamechelewa kidogo, wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Zilikuwa 37.

Nilipomaliza, babu aliivuta karatasi karibu na macho akaisoma yote, midomo ikicheza. Halafu akaniuliza mimi, kana kwamba mchapaji ndiye mwenye jibu:

"Mama, hii itafika?"

Nikamwambia itafika.

Sikumdanganya. Ila neno langu lilikuwa limeshafika kabla yake, na wala halikupita dirishani kwa karani.

Wala cha mtu mwingine

Baba yangu alikuwa na kadi ya TANU, na ahadi za mwanachama alizijua kama sala. Alipenda kututajia ile ya cheo, hasa akiwa amekasirishwa na jambo kijijini: cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Miaka yote nimeisikia nusu ya kwanza. Sina cheo, kwa hiyo nilidhani hainihusu.

Wala cha mtu mwingine. Waliotunga walikuwa wananijua.

Nikaanza kusoma sheria usiku, baada ya kufunga kibanda. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja biashara ya ushawishi kuwa kosa, mbali na rushwa ya kawaida. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003, ambao Tanzania iliuridhia 2005, nao una kifungu chake, cha 18, na maneno yake yalinikaa kooni: ushawishi wa kweli au wa kudhaniwa. Yaani hata kama mzee wangu hana nguvu tena, hata kama alisema na akapuuzwa, mtu akichukua faida isiyostahili ili autumie ushawishi huo, jambo limekamilika.

Usiku huo nilizirudisha zile 50,000. Makato nikayalipa mimi. Shemeji akaandika, "Vipi tena?" Sikumjibu mpaka siku ya tatu.

Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya pesa hiyo, kwa kuipokea wala kwa kuirudisha. Ningemwambia mzee hata bila shilingi. Neno lingefika palepale, na majirani wale 37 wangekuwa nje ya mlango vilevile.

Jambo jingine nililipata humo humo kwenye kusoma. Mwaka 1995 Marekani walitunga sheria inayowataka washawishi wa kulipwa wajiandikishe na kueleza wanamfanyia kazi nani na juu ya jambo gani. Mwaka huohuo sisi tulitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ile inayomtaka kiongozi kila mwaka ajaze tamko la mali na madeni yake. Fomu hizo nimezishika, nimezitia kwenye bahasha kila Desemba. Nyumba, mashamba, magari, akaunti. Ya kwao inamuuliza anayekuja kunong'ona, na yetu inamuuliza anayenong'onezwa ana mali gani. Sijawahi kuona kwenye fomu zile mstari unaouliza: mwaka huu nani alikupigia simu?

Kaka yangu anasema dunia yote iko hivi

Nilimweleza kaka. Alinisikiliza, kisha akasema kila mtu duniani anashawishi, wakubwa zaidi yetu, na kwamba ninajitesa. Akanikumbusha habari za mitumba.

Ni mfano mzuri, na umenisumbua kuliko alivyokusudia. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha, na moja ya waliyokubaliana ni kuelekea kuacha kuingiza nguo na viatu vya mitumba ili viwanda vyetu vipumue. Kwenye masoko yetu ya Memorial na Kiboriloni hapa Moshi kila mtu alikuwa na la kusema. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani kikapeleka malalamiko rasmi kwa ofisi ya biashara ya serikali yao, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani zingeguswa. Serikali yao ikaanza kupitia upya nafasi ya Tanzania, Uganda na Rwanda kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu wa ushuru.

Huo ni ushawishi hasa, na ulituumiza. Wenye nguvu walibana, wasio na nguvu wakapinda. Sikumbuki kusikia muuza mitumba wa Memorial aliyepandishwa ndege kwenda Washington kueleza anasomeshaje watoto kwa marobota yale, wala fundi cherehani aliyekwenda kueleza marobota yale yamemfanya nini. Kwa hiyo siwezi kumwambia kaka kwamba kitu kikiwa wazi basi kina haki. Hilo alinishinda.

Lakini malalamiko yale yana tarehe. Yana jina la chama na hoja zake, na mimi hapa Moshi ninaweza kusema ile hesabu ya ajira 40,000 ni ya kwao wenyewe, naomba nione walivyoipata. Mtu anaweza kubishana nayo hata leo.

Halafu nikawakumbuka Wameru wa Arusha. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ardhi yao ikagawiwa walowezi. Wangeweza kutafuta mtu wa kuwasemea pembeni. Badala yake walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, kesi ikiwa imeandaliwa kwa msaada wa wakili Earle Seaton, aliyekuwa akifanya kazi hapahapa Moshi. Safari ile haikuirudisha ardhi. Lakini aliyoyasema Kirilo yalisemwa mbele ya waliokuwa wakituhumiwa, nao ikawabidi wajibu kwa midomo yao, na majibu yao yakaandikwa.

Kijana mwenye kituo cha mafuta hakulazimika kumjibu yule babu chochote. Mimi ndiye niliyemwondolea kazi hiyo.

Nilipotaka kulirudisha

Nilimpigia mzee Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje na harusi?"

Tukazungumza harusi. Kisha nikamwambia: lile neno la kiwanja, naomba nilifute. Nikamweleza kuhusu majirani.

Alikaa kimya kidogo.

"Ulifute kwa nani? Mimi nilishalisema. Niliyemwambia naye kashamwambia mtu wake. Hata mimi sijui sasa hivi limefika kwa nani."

Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayekwambia maji ya mfereji yameshapita shamba lake.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanikereketa wiki zote zile. Barua ukitaka kuifuta unaandika nyingine: rejea barua yangu Kumb. Na. kadha ya tarehe kadha, naomba kuiondoa. Neno langu mimi ningelirejea kwa kumbukumbu gani? Halikuingia popote, kwa hiyo halina pa kutolewa. Liko kichwani mwa mtu nisiyemjua, ambaye anadhani anamheshimu mtu mwingine.

Na mzee huyu ninampenda. Lazima niliseme hilo. Mama yangu alipofariki alikuja hadi kijijini, akakaa siku mbili, akabeba jeneza. Mwaka mmoja nilimwomba amsemee yule mjane wa mirathi niliyemtaja juu, baada ya kumwona akisaini kitabu changu mara ya tisa. Alisema neno moja kwenye simu. Ndani ya wiki mbili mama yule alikuwa na hundi yake, akaniletea ndizi mkungu mzima. Njia ni ileile. Nimejaribu kujuta kwa ajili ya yule mjane na nimeshindwa. Nikijiuliza faili la nani lilishuka siku lake lilipopanda, sina jina la kutaja. Pengine alikuwa mjane mwingine aliyesaini mara ya kumi.

Masijala

Niliandika barua yangu Jumapili, mwezi mmoja na siku chache baada ya kikao. Nimechapa barua za watu zaidi ya elfu na hii ilinichukua siku nzima. YAH: MAELEZO KUHUSU OMBI NILILOLIPELEKA KWA MDOMO JUU YA KIWANJA NAMBA... Nikaeleza tarehe, niliyemwomba, nilichopokea na siku niliyokirudisha. Nikaomba ombi lile lihesabike kuwa halikuwahi kutolewa, na uamuzi ufanywe kwa yaliyomo kwenye faili tu.

Mume wangu aliisoma mara mbili. "Unajitafutia nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu zuri, na hakunilazimisha.

Sehemu ya jina la mzee ndiyo iliyonishinda. Niliandika "mtumishi mstaafu", nikafuta, nikaandika jina, nikafuta. Mwishowe nikampigia nikamsomea yote. Nilimsikia akipumua.

"Andika jina," alisema. "Lakini andika na kwamba nilikuwa na nia njema."

Nikaandika, kwa sababu ni kweli.

Shemeji hanisalimii. Harusi ni Jumamosi ijayo na tumepangiwa meza moja.

Jumatatu nilikwenda na nakala mbili. Karani wa masijala, pale mafaili yanapotunzwa, ni kijana, alikuwa anakunywa chai. Akasoma kichwa cha habari, akaweka kikombe chini, akasoma tena hadi mwisho. Akaniangalia.

"Mama, hii kweli unataka niipokee?"

"Ipokee."

Akagonga mhuri kwenye nakala zote mbili, akaandika tarehe, akanipa yangu. Nikamwomba aniambie inaingia faili lipi. Akainuka, akalitoa kabatini, akalifungua palepale dirishani. Juu kabisa kulikuwa na barua niliyoichapa mwenyewe, kwa zile herufi kubwa za yule babu, na nyuma yake kurasa za daftari zenye madole gumba. Folio ya 13.

Akatoboa yangu, akaipitisha kamba, akachukua kalamu nyekundu.